Vyungu Tisa vya Mofu

Jumamosi, 1 Desemba 1906. Ifakara

Mbegu ya mpunga mrefu imekwisha bondeni. Aliyesema ni Jumbe Ligwaya wa Kivukoni, leo asubuhi, mbele ya watu wapatao thelathini. Alituma watu wanne kwa siku kumi, kila mmoja upande wake, na wote wamerudi mikono mitupu. Huu ndio mpunga unaokwenda na mafuriko: maji yakipanda, nao hurefuka. Bila huo, mashamba ya chini, ambayo ndiyo karibu yote, ni matete tu.

Nimelipelekea gazeti la pwani habari hiyo kwa mistari mitano. Tarishi huondoka kila Jumamosi ya pili. Ni mwaka wa tisa sasa nawaandikia, na najua wanachotaka: nini, wapi, nani kasema. Daftari hili ni la yale yasiyoingia katika mistari mitano. Kanuni ni ileile: nilichoona nitasema nimeona, nilichoambiwa nitasema nimeambiwa.

Nimeona watu wakichimba ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, ambacho lazima kilowekwe siku tatu kabla ya kupikwa. Nimeambiwa kwamba wiki hii wamekufa watano ambao hawakuweza kungoja siku tatu.

Mkutano ulipokwisha alibaki mwanamke mmoja. Jina lake Digna, mjane, alibatizwa misheni ya Mahenge kabla ya vita. Alimwambia Jumbe kwamba mbegu ipo, imefukiwa Mofu ndani ya vyungu tisa, na anayejua mahali ni Eustaki, shemeji yake, aliye kwenye mnyororo hapa hapa Ifakara.

Jumbe alicheka. "Huyo? Huyo alishatupa maji yake mara moja, mama. Tuliyanywa yakatutosha."

Jumanne, 4 Desemba

Mvua, saa mbili. Hakuna habari.

Ijumaa, 14 Desemba

Eustaki ametoka kwenye mnyororo leo, baada ya mwaka mmoja na siku nane. Nilikuwapo, kama karani wa boma, kuandika jina lake. Ni mtu mrefu, ana kovu shingoni pale chuma kilipokaa. Hakuna aliyekuja kumpokea ila Digna, naye hakuja kwa upendo. Alisimama hatua tano mbali.

"Shemeji, vyungu viko wapi?"

"Shikamoo kwanza hunipi," Eustaki alisema, nusu akicheka.

"Shikamoo nitaitoa nikiona mbegu."

Kilichotokea, kama wote wawili walivyonieleza, ni hiki. Agosti ya mwaka jana, kabla ya watu kwenda kulishambulia boma la Mahenge, Eustaki na ndugu yake Wendelin, mume wa Digna, walikusanya mbegu za Mofu nzima wazifiche, maana walijua askari watachoma maghala. Walizitia katika vyungu tisa. Eustaki ndiye aliyekuwa akigawa dawa, yale maji ya kugeuza risasi. Kabla ya kuziba vyungu alimimina kibuyu cha dawa katika kila kimoja, ili moto wa askari usiziguse mbegu. Kisha wakaziba kwa udongo na kufukia. Wendelin aliuawa Mahenge. Wengine wawili waliofukia wamekufa kwa njaa.

"Ulilowesha mbegu," Digna alisema. Sauti yake haikupanda. "Mbegu inakaa juu ya moshi, haiguswi na maji mpaka siku yake. Hata mtoto wa miaka mitano analijua hilo."

"Na mimi nililijua," Eustaki alisema. "Lakini mwaka ule tulikuwa tunajua mambo mengine."

Watu waliokuwa karibu walimzomea. Mmoja alimwita Baba Mvua.

Maoni yangu, kwa kuwa daftari hili ni langu: mtu huyu ni mwongo aliyepona kwa bahati, na mbegu hizo ni matope.

Jumatatu, 17 Desemba

Imefika mizigo arobaini ya mpunga wa mbegu kutoka pwani. Nimeiona na kuihesabu. Mbegu safi, nzito, isiyo na wadudu. Kila nyumba imepata vibaba sita. Yosefina, jirani wa Digna, alipika vibaba vitatu siku hiyohiyo na hakuficha. "Nusu kwa shamba, nusu kwa tumbo," aliniambia. "Tumbo nalo ni shamba, Bwana Karani, tena limelala muda mrefu."

Digna alichukua fungu lake akapanda lote. Wala hakuacha kuuliza habari za Mofu.

Alhamisi, 27 Desemba

Eustaki haruhusiwi kutoka Ifakara bila mdhamini. Digna alikuja barazani kwangu mara tatu wiki hii. Mara ya tatu nilimuuliza kwa nini asiridhike na mbegu ya pwani.

"Ni fupi," alisema. "Nimelishika suke lake waliloleta kwa mfano. Hiyo haitaona mwezi wa nne."

Nimetia sahihi. Nitakwenda nao mwenyewe. Kwa gazeti ni habari ya mistari minne, ikiwa kuna chochote. Kwangu mimi ni siku nane mbali na karatasi za boma.

Jumamosi, 5 Januari 1907. Mofu

Tumefika juzi. Siku mbili kwa mtumbwi, Eustaki mbele na upondo, mzee mmoja wa Kindamba nyuma, Digna na mimi katikati. Kutoka Ifakara mpaka hapa sikuona ghala hata moja lililosimama. Mofu palikuwa na nyumba zaidi ya themanini. Nimehesabu zenye paa: sita.

Eustaki hakupajua mahali kwa haraka kama alivyosema. Majani yameota, miti aliyoifanya alama imekatwa kuni. Alichimba mashimo manne bure. Digna alikaa juu ya gogo akamwangalia. Shimo la tano lilitoa chungu cha kwanza.

Nitaandika kwa utaratibu.

Chungu cha kwanza: tope jeusi, harufu mbaya. Cha pili: hivyohivyo. Cha tatu: hivyohivyo, na mizizi myeupe iliyokauka, mbegu ziliota mle gizani zikafa. Cha nne hivyohivyo. Hapo ilikuwa saa sita mchana. Eustaki alikuwa anatoka damu viganjani kwa mpini wa jembe. Alikaa chini.

"Basi," alisema. "Tumeona. Nilichofanya kinaonekana."

Digna aliteremka kutoka kwenye gogo. Nilidhani atamtukana, nilikuwa nimeshashika kalamu. Alichukua jembe.

"Chungu cha tano kiko wapi?"

"Dada, vyote nilivimiminia sawa."

"Sikuulizi ulivimiminia nini. Nauliza kiko wapi."

"Hapo. Kulia kwako."

"Inuka, chimba. Maneno utanipa tukirudi."

Cha tano, tope. Cha sita kilivunjika ardhini, mchwa wamemaliza. Cha saba, tope. Tulilala. Leo asubuhi cha nane: tope.

Cha tisa kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Juu na pembeni mbegu zilikuwa zimeota, zikaoza, zikakauka, zikashikana kuwa gamba gumu kama mkate ulioungua. Eustaki alitaka kukimwaga. Digna alimshika mkono, mara ya kwanza kumgusa, akapasua gamba kwa kisu. Ndani palikuwa pakavu. Palikuwa na mpunga wa rangi ya kahawia, unaonuka moshi na uvundo, vibaba viwili kasoro.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Digna aliuma punje moja, akaitema, akaitazama.

"Imekufa hii," alisema. Akauma nyingine. "Na hii."

Akafunga zote katika kitambaa chake cha kichwa.

Jumanne, 8 Januari. Ifakara

Tumerudi. Digna amehesabu punje mia moja, akazitia katika kitambaa chenye maji, akakiweka karibu na jiko.

Jumamosi, 12 Januari

Kati ya punje mia zimeota nne. Nimehesabu mwenyewe, mara mbili.

Tarishi anaondoka leo. Nimeandika hivi: "Mbegu zilizofichwa na waasi huko Mofu zimefukuliwa. Vyungu vinane vimeoza. Katika cha tisa, punje nne tu kwa mia ndizo hai. Jaribio limeshindwa. Mbegu ya pwani imeota vizuri kila mahali." Ni mistari minne, kama nilivyokadiria.

Alhamisi, 17 Januari

Digna analowesha zote. Si kwa kupanda kwa pamoja: analowesha viganja viwiliviwili, anangoja siku nne, anatoa zilizoota moja moja kwa ncha ya mwiba, anazipanda kwenye kitalu, nyingine anawatupia kuku wa Jumbe. Kisha anaanza tena.

Jumapili, 20 Januari

Mvua tangu alfajiri.

Jumanne, 29 Januari

Mpunga wa pwani umefika magotini. Yosefina alipita kitaluni kwa Digna, akainama, akaweka kiganja sikioni.

"Nasikiliza," alisema. "Huu wako, shoga, hauoti mpaka uitwe kwa jina?"

"Ndiyo. Na jina lako halimo," Digna alijibu bila kuinua kichwa.

Walicheka wote wawili. Sijamwona Digna akicheka tangu Desemba.

Eustaki anachota maji ya kitalu. Digna humwambia weka hapa, mwaga pale, ondoka. Hula peke yake.

Jumamosi, 9 Februari

Miche imehamishiwa shamba la chini, karibu na ukingo wa mto. Nimeombwa kuhesabu, nikahesabu: elfu moja mia moja na arobaini. Wenye mbegu ya pwani wamepanda mashamba mazima. Shamba la Digna ni hatua kumi na nane kwa ishirini.

Ijumaa, 22 Februari

Jua kali. Amekufa mzee wa Kindamba aliyetupeleka Mofu. Homa, wamesema.

Jumanne, 12 Machi

Mto umepanda shubiri nne tangu jana mchana. Nimepima kwa kijiti changu pale kivukoni.

Jumatano, 13 Machi

Shubiri tatu zaidi.

Ijumaa, 15 Machi

Nyingine mbili na nusu. Njia ya kwenda Kivukoni sasa ni ya mtumbwi.

Jumatano, 27 Machi

Mpunga wa pwani umezama. Nilizunguka na Jumbe kwa mtumbwi tangu asubuhi mpaka saa tisa. Katika mashamba ya chini sikuona jani lake hata moja juu ya maji. Ukitia mkono unaugusa chini, laini, umeanza kuoza. Mbegu haina kosa. Ni mbegu ya mahali pengine. Kwenye miinuko umebaki kidogo.

Mwishowe tulifika ukingoni kwa Digna. Pale majani yalikuwa yamesimama juu ya maji kiasi cha kiganja, yamelala kidogo kwa kuelekea mkondo. Jumbe alivuta shina moja polepole. Lilikuwa refu kumpita yeye.

"Huo ndio wenyewe," alisema. Kisha akaniambia nisiandike kwamba alimcheka Digna mwezi wa kumi na mbili. Nilimwambia nimeshaandika.

Jumamosi, 6 Aprili

Tarishi amerudi na gazeti lenye habari zangu za Januari.

Ni desturi hapa nikipata gazeti kuwasomea watu chini ya kibanda cha soko. Walikuja kama hamsini, njaa au si njaa. Nilisoma bei za pwani, meli, harusi ya mtoto wa liwali mmoja. Kisha nikafika kwenye habari ya Ifakara. Digna alikuwa amekaa mbele, miguu yake ina matope mpaka magotini, ametoka shambani.

Ningeweza kuruka. Sijawahi kuruka mstari tangu nianze kazi hii, nikausoma. "Jaribio limeshindwa."

Yosefina alianza kucheka, akaacha.

"Lilishindwa lini, Bwana Karani?" Digna aliuliza.

"Niliandika tarehe 12 Januari."

"Tarehe hiyo mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unalowesha kitambaa."

"Basi."

Akainuka akarudi shambani. Hakuwa amekasirika, kwa kadiri ninavyoweza kuona.

Jioni hii nimepitia nakala za habari zangu za miaka tisa. Nimetumia neno "imeshindwa" au "wameshindwa" mara ishirini na tatu. Nilitazama ni mara ngapi nilirudi baadaye kuona kilichoendelea. Ni mara mbili. Hizo nyingine ishirini na moja nilichofanya ni kuondoka mahali, kisha nikaandika kwamba jambo limekwisha.

Sisemi kwamba zote zilikuwa uongo. Kisima cha Uchindile kilikauka kweli. Daraja lilibebwa na maji kweli. Lakini aliyechimba kisima kile, alichimba kingine? Sijui. Na kutojua kwangu nilikuandika kama habari.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeandika masahihisho kwa gazeti. Mistari sita. Sijui kama watayatia.

Jumatano, 17 Aprili

Viboko wameingia shambani kwa Digna kabla ya mapambazuko. Nilifika saa mbili asubuhi. Nyayo nilizoziona ukingoni ni za wanyama wawili, pengine watatu. Walikula upande wote wa mto, na walichokiacha wamekikanyaga.

Mto ulikuwa umeshuka, naye Digna alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni akihesabu mashina yaliyosimama. Hakutaka nimsaidie. Alihesabu mara moja, akapoteza hesabu, akaanza upya. Yosefina alisimama ukingoni, mkono mdomoni. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Mia mbili na nne," Digna alisema. "Andika."

Niliandika. Sikuandika kitu kingine.

"Mbona huandiki limeshindwa?"

"Sijui kama limeshindwa."

"Hata mimi," alisema. Kisha akamgeukia Eustaki, aliyekuwa amesimama na kamba mkononi bila kujua aifanyie nini. "Shemeji, kata miti. Jenga dungu."

Jumatano, 24 Aprili

Dungu limekwisha: jukwaa la miti minne, kimo cha mtu na nusu juu ya maji, paa la matete. Eustaki anaishi humo. Ana debe la kupiga, na kamba zinazokwenda pembe zote za shamba.

Nilimpelekea samaki leo mchana nikakaa naye. Nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza mtu yeyote wa vita ile, ingawa niliandika habari zake kumi na nne.

"Uliyaamini yale maji?"

"Nilijimwagia mwenyewe kwanza. Hilo ndilo jibu nililo nalo."

"Uliwamwagia watu wangapi?"

"Mofu, mia mbili na arobaini. Nawajua kwa majina. Waliorudi kutoka Mahenge, tisini na moja." Alivuta kamba moja, ndege wakaruka. "Usije ukaandika kwamba tulijaribu vizuri, Karani. Hatukujaribu vizuri. Mtu anajaribu kwa mwili wake. Mimi nilijaribu kwa miili ya wenzangu."

"Ungekaa bila kufanya kitu?"

Aliiachia kamba.

"Hapana," alisema. "Wewe ulikuwa unaandika, hukubeba mawe ya barabara. Tulichoka. Maji, hapana, nisingemwagia tena hata kuku. Lakini kukataa... Wendelin alinicheka kuhusu dawa, unajua? Alisema, 'Mimi nakwenda kwa sababu ya barabara, wewe nenda na kibuyu chako.' Akaenda bila kumwagiwa. Sijamwambia Digna."

"Kwa nini?"

"Atauliza kwa nini sikuacha na mimi."

Mwaka juzi, Septemba, niliandika: "Waasi wajinga wameshindwa Mahenge." Tarehe ni sahihi, mahali ni sahihi, hesabu ya waliokufa ilitoka kwa mtu niliyemtaja. Neno "wajinga" halikutoka kwa mtu yeyote ila mimi. Nimelifuta katika nakala yangu. Lile la pwani limeshachapwa.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Mto umesimama.

Jumatatu, 6 Mei

Jumbe ametakiwa kutoa wapagazi ishirini kupeleka mizigo Mahenge, siku thelathini. Eustaki amechukuliwa. Ni mimi niliyeandika orodha. Majina yalitoka kwa Jumbe. Nilimwambia Jumbe kwamba mtu huyu analinda shamba. Alisema kila mtu analinda kitu.

Eustaki alimwonyesha Digna jinsi kamba zinavyofungwa. Akamwambia pia jambo lingine. Waliongea kando na sikusikia. Digna alimpiga kofi. Kisha akamfungia samaki wawili wakavu katika jani la mgomba, akampa. Niliona yote mawili.

Ijumaa, 17 Mei

Mpunga umeanza kutoa masuke.

Jumapili, 26 Mei

Digna yuko dunguni mchana na usiku. Nimemshikia zamu mara nne, asubuhi, ili alale. Si kazi ninayoiweza. Leo ndege walinilia mashina matatu nikisoma.

Jumatatu, 10 Juni

Yosefina amekuja dunguni kuomba kiganja kimoja cha mpunga mbichi. Binti yake ana homa, hataki samaki. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi.

"Kiganja kimoja, Digna. Nitakaanga, nitatwanga, atakula leo tu."

"Sina cha kupika hapa."

"Naona kwa macho yangu!"

"Unaona mbegu."

"Mtoto wangu ndiye mbegu! Una moyo gani wewe? Maji ya shemeji yako yameingia mpaka kifuani!"

Digna alimpa samaki wote aliokuwa nao, na asali kidogo kwenye kibuyu. Mpunga hakutoa. Yosefina alichukua asali, akatupa samaki majini, akaondoka.

Nilichoona nimeandika.

Alhamisi, 13 Juni

Binti wa Yosefina amepata nafuu. Ameniambia mama yake mwenyewe, kwa ukali, kama kwamba mimi ndiye niliyekataa.

Jumamosi, 22 Juni

Mavuno. Yalianza saa moja asubuhi yakaisha kabla ya saa nne. Digna alikata suke moja moja kwa kisu. Yosefina alikuja bila kuitwa, akashika upande wa pili wa shamba. Hawakusalimiana. Walikutana katikati.

Baada ya kupura na kupepeta: vibaba vitatu. Kwa chakula, ni siku tatu za mtu mmoja mwenye adabu.

Wapagazi walitakiwa kurudi tarehe 5. Hawajaonekana.

Ijumaa, 28 Juni

Wapagazi kumi na wawili wamerudi. Mkuu wao anasema wengine walipelekwa mbele zaidi, upande wa Malinyi, na wawili wamekufa njiani. Majina ya waliokufa hayajui. Walijiunga na msafara mwingine. Nimewauliza wote kumi na wawili, mmoja mmoja. Mara ya mwisho walipomwona Eustaki ni tarehe 19 Mei, akiwa mzima, akibeba.

Ijumaa, 5 Julai

Mpunga mrefu utagawiwa nyumba kumi na moja, amesema Digna leo barazani kwangu. Amekuja na kibuyu chenye mbegu na kifuniko kidogo cha kupimia. Kila nyumba itapata kipimo kimoja, na kila itakayovuna mwakani itatoa vipimo viwili kwa nyumba nyingine mbili. Mbegu isipoota, haidaiwi.

Ameniambia majina, nimeandika. Yosefina ni wa pili. Nilipofika la kumi nilidhani lililobaki ni lake mwenyewe.

"Eustaki," alisema.

Nilimwambia kwamba hatujui kama yu hai.

"Ndiyo maana nasema uandike. Asiporudi, nitaupanda mimi, kando na wangu."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

"Sijamsamehe," Digna alisema. "Nimempimia."

Nilimuuliza niandike nini katika gazeti: limefaulu au la. Alitazama mto kama mtu anayekadiria uzito.

"Andika tumepata vibaba vitatu. Andika na vile vyungu vinane vilivyooza, usiviache. Halafu andika tutapanda lini."

Nimeandika hivyo. Rasimu ina mistari tisa, wataikata. Nimeacha nafasi chini ya majina, kwa kuwa orodha ya waliofika haiwezi kuandikwa kabla ya siku yenyewe.

Ugawaji ni Jumapili, tarehe 7 Julai, saa tatu asubuhi, kivukoni. Tarishi anaondoka Jumamosi, tarehe 13. Kupanda ni Desemba, baada ya mvua ya pili. Nimeomba ruhusa ya boma niwepo.